Sinema Iliyokataa Kumtaja Mwuaji

Katika likizo ya Desemba iliyopita nilikwenda Dar es Salaam kukaa kwa mjomba wangu. Mjomba ana mtoto wa kiume asomaye Chuo Kikuu, naye ni mpenzi mkubwa wa sinema. Jioni moja, mvua ilipokuwa ikinyesha, alituita sebuleni vijana sita wa nyumba ile na wa jirani, akatuwekea picha ya Kikorea yenye maandishi ya Kiingereza chini. Alituambia kuwa ni habari ya askari wanaomtafuta mwuaji. Basi tulikaa tayari, tukitazamia magari ya kufukuzana na milio ya bastola.

Baada ya saa moja watatu kati yetu walikuwa wamekwisha kuondoka. Mmoja alisema ni afadhali akalale. Mimi nilivumilia kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba nilitaka kumjua mwuaji. Saa mbili na dakika kumi zikapita, picha ikaisha, na mwuaji hakutajwa. Nilikasirika sana. Nikamwambia yule ndugu yangu, "Kaka, umetupotezea jioni yetu. Picha gani hii isiyo na mwisho?" Alicheka, akasema, "Kwanza kasome wahakiki walisema nini, kisha uitazame mara ya pili. Baadaye ndipo tutazungumza."

Nilifanya kama alivyoniambia, na hayo niliyoyapata ndiyo nitakayo kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu: jinsi sinema hii ilivyopokewa, kwa nini wahakiki waliisifu ingawa inakwenda polepole, na jambo moja la hapa hapa shuleni lililonifanya niione kwa macho mengine. Wazazi wasishtuke. Sinema hii si ya watoto wadogo, kwa kuwa ina habari za mauaji ya wanawake na mateso, wala siwashawishi wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza waitafute.

Jina lake kwa Kiingereza ni Memories of Murder, yaani Kumbukumbu za Mauaji. Ilitoka mwaka 2003 katika Korea ya Kusini, na mwongozaji wake ni Bong Joon-ho. Hiyo ilikuwa sinema yake ndefu ya pili tu. Habari yake ilitokana na mambo ya kweli. Kati ya mwaka 1986 na 1991, katika mashamba na vijiji vya Hwaseong, kusini ya mji mkuu wa Seoul, wanawake kumi waliuawa mmoja baada ya mwingine. Polisi walichunguza watu zaidi ya 20,000, lakini mpaka sinema ilipotengenezwa mwuaji alikuwa hajajulikana.

Ndani ya sinema wamo askari kanzu wawili. Wa kwanza ni Park Doo-man, mtu wa shamba, ambaye mchezaji wake ni Song Kang-ho. Huyu hana elimu kubwa ya upelelezi, bali hujivunia macho yake. Asema akimtazama mtu usoni mara moja humjua kama ni mhalifu. Wa pili, Seo Tae-yoon, ametoka Seoul, naye huamini karatasi na ushahidi. Wenyeji wanawapiga washukiwa mateke mpaka wakiri. Mgeni anawadharau kwa sababu hiyo. Lakini kadiri miezi inavyopita na maiti zinavyoongezeka, yule mgeni mwenye akili naye anaanza kuwa kama wenziwe, na mwishoni yeye ndiye anayetaka kumpiga risasi kijana mmoja wa kiwandani asiyekuwa na ushahidi wa kutosha juu yake.

Sasa nieleze maana ya sinema iendayo polepole. Nyumbani kwetu watu huchoma matofali kwa pumba za mpunga. Ukipita karibu na tanuri hilo huoni ndimi za moto. Waona moshi mdogo tu, na mtoto anaweza kudhani kuwa moto umezimika. Kumbe ndani moto unaendelea siku baada ya siku, na tofali linaiva mpaka kiini. Sinema za namna hii ni kama tanuri hilo. Hazikushtui kila dakika. Zinakuonyesha shamba la mpunga, njia tupu, mvua, redio inayopiga wimbo, mtu akila chakula, na hofu inajaa kidogo kidogo. Hasara yake ni kwamba mtazamaji asiye na subira hutoka kabla tofali halijaiva, kama walivyofanya wale wenzangu watatu.

Katika somo la Kiswahili sisi wa Kidato cha Nne tumefundishwa kwamba mhakiki hafanyi kazi ya kusema "nzuri" au "mbaya" tu, bali hutazama fani na maudhui, yaani namna jambo lilivyosemwa na jambo lenyewe. Wahakiki wa sinema hufanya vivyo hivyo. Swali walilojiuliza juu ya picha hii ni lile lile nililoliuliza mimi kwa hasira: kwa nini inakwenda polepole, na kwa nini haimtaji mwuaji? Tofauti ni kwamba wao waliliuliza ili walijibu, na mimi nililiuliza ili nilaumu.

Huko kwao Korea ilipokewa vizuri tangu mwanzo, na watu wa kawaida pia waliipenda. Tiketi zaidi ya milioni 5 ziliuzwa mwaka ule. Katika tuzo za sinema za Korea ziitwazo Grand Bell, za mwaka 2003, ilipata tuzo ya sinema bora, ya mwongozaji bora, na Song Kang-ho akapata ya mchezaji bora. Mwaka huo huo, katika tamasha la San Sebastián huko Hispania, Bong alipewa tuzo ya mwongozaji bora.

Si vigumu kuona sababu ya Wakorea kuielewa upesi. Mambo yale yalianza wakati wa utawala wa kijeshi wa Chun Doo-hwan, na watu wazima waliokwenda kuitazama waliyakumbuka maisha yale. Kuna mahali ambapo wapelelezi wanatambua kwamba mwuaji atatoka usiku ule, wakaomba askari waje kulinda njia. Jibu ni kwamba askari wote wamepelekwa kuwazuia watu wanaoandamana dhidi ya serikali. Mwanamke mwingine akafa. Wahakiki wengi waliliona hili kuwa ndilo shina la sinema. Kwao, kumtafuta mwuaji kulikuwa njia ya kuonyesha nchi ambayo serikali yake iliwaogopa raia wake kuliko ilivyowalinda. Ndiyo maana mwendo ni wa polepole. Ingekimbia, tusingepata nafasi ya kuyaona yale yaliyo kando ya njia.

Jambo la pili walilolisifu ni kuchanganya kicheko na huzuni. Mwanzoni askari wale wanachekesha. Kuna trekta linapita juu ya alama ya mguu ambayo ingekuwa ushahidi, huku Doo-man akipiga kelele bila kusikilizwa. Sisi sebuleni tulicheka kwa sauti. Baadaye kicheko kinakauka, maana tunatambua kwamba uzembe ule ule uliotuchekesha ndio uliomwacha mwuaji aendelee.

Lakini isidhaniwe kwamba hakukuwa na lawama. Wako wasemao kwamba askari wanapompiga mshukiwa asiye na akili timamu, nasi tukafanywa tucheke, jambo zito limegeuzwa mzaha. Wako pia wasemao kwamba wanawake waliouawa hawakupewa sauti, kwa kuwa twawaona wakiwa wanatembea njiani au wamekwisha kufa, bali wanaume wanaowatafutia haki ndio wanaojaza picha nzima. Lawama hii ya pili naona ina kweli kubwa. Hata baada ya kuitazama mara mbili siwezi kukutajieni jina la hata mmoja wa wanawake wale, na hali majina ya askari nayajua yote.

Nje ya Korea sifa zake zilikwenda kwa mwendo wa sinema yenyewe. Marekani ilionyeshwa mwaka 2005 katika kumbi chache tu, na watu wengi hawakujua kwamba ipo. Mwaka 2009 mwongozaji mashuhuri Quentin Tarantino aliitaja miongoni mwa sinema 20 alizozipenda kuliko zote zilizotoka tangu mwaka 1992, na wapenzi wa sinema wakaanza kuitafuta. Kisha mwaka 2019 sinema nyingine ya Bong, iitwayo Parasite, ilishinda tuzo kubwa ya Cannes, na Februari 2020 ikapata Oscar ya sinema bora, ikiwa ya kwanza isiyo ya Kiingereza kuipata. Ndipo Wamarekani wakairudisha ile ya zamani katika kumbi zao mwezi wa Oktoba 2020, miaka 17 baada ya kutengenezwa.

Jambo kama hilo liliipata sinema ya Kimarekani iitwayo Zodiac, ya mwongozaji David Fincher, iliyotoka mwaka 2007. Nayo ni habari ya kweli ya mwuaji wa eneo la San Francisco asiyepatikana mpaka leo, nayo huenda polepole kwa muda wa saa mbili na dakika 37. Iligharimu kama dola milioni 65, lakini tiketi za Marekani zilileta kama milioni 33 tu, wala haikutajwa hata mara moja katika tuzo za Oscar. Wahakiki hata hivyo hawakuiacha. Mwaka 2016 BBC ilipowauliza wahakiki 177 wa nchi mbalimbali sinema bora za karne hii, Zodiac ilikuwa ya 12. Kwa hiyo wasomaji wasidhani kwamba hukumu ya wiki ya kwanza ndiyo hukumu ya mwisho. Kuna sinema ambazo wenye kuhukumu nao huhitaji muda.

Turudi Korea, maana habari kubwa bado. Katika mwisho wa sinema, Doo-man ameacha kazi ya polisi, sasa ni mfanya biashara. Anapita pale kwenye mfereji ilipoonekana maiti ya kwanza. Mtoto mmoja wa kike anamwambia kwamba siku chache zilizopita mtu mwingine naye alisimama pale pale akichungulia. Alikuwa na sura gani? Sura ya kawaida tu, asema mtoto. Doo-man ananyanyua macho, anatutazama sisi watazamaji moja kwa moja, na picha inakwisha. Bong alieleza kwamba alifikiri huenda mwuaji mwenyewe atakuja kuitazama sinema hiyo, naye alitaka macho ya mpelelezi yakutane na yake.

Mwezi wa Septemba 2019 polisi wa Korea walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba kutoka katika vitu vilivyohifadhiwa vimemwonyesha mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa gerezani tangu mwaka 1994, kwa kumwua shemeji yake. Zamani zile aliwahi kuhojiwa, akaachwa. Alikiri mauaji 14, na yale kumi ya Hwaseong yakiwamo, lakini hakuweza kushitakiwa kwa hayo kwa sababu muda uliowekwa na sheria ulikuwa umekwisha kupita. Mwezi wa Novemba 2020 alipoletwa mahakamani kutoa ushahidi, aliulizwa juu ya sinema. Akajibu kwamba aliitazama akiwa gerezani, naye aliiona kama sinema tu, wala hakuhisi lolote.

Niliposoma hayo nilinyamaza kwa muda. Macho ya Doo-man yalikutana kweli na yale ya mwuaji, na hayakumfanya kitu. Basi yalikuwa na faida gani?

Jibu nililipata katika habari iliyofuata. Kwa nini mtu yule aliletwa mahakamani, ikiwa hashitakiwi? Aliletwa kwa ajili ya mtu mwingine. Moja katika mauaji yale kumi, lililotokea mwaka 1988, polisi walisema wamekwisha kulimaliza. Walimkamata kijana wa miaka 22, mwenye ulemavu wa mguu, naye akakiri. Alikaa gerezani karibu miaka 20, akatoka mwaka 2009. Miaka yote alisema kwamba hakuua, bali alilazimishwa kukiri. Tarehe 17 Desemba 2020 mahakama ilitamka kwamba hana hatia.

Sasa wasomaji watanisamehe nikieleza jambo langu. Mwaka jana, tulipokuwa Kidato cha Tatu, mwenzetu mmoja bwenini alipotelewa na shilingi elfu thelathini, fedha alizotumwa na mama yake. Siku ile ile kijana mwingine alionekana akiwanunulia rafiki zake maandazi. Tulisema ni yeye. Mmoja wetu alisema hata macho yake ni ya mwizi, nasi sote tukaona kwamba ndivyo yalivyo. Baada ya taa kuzimwa tulimsimamisha katikati ya vitanda tangu saa nne hadi saa sita usiku. Hatukumpiga. Tulimzunguka tu, na kila alipokana tulimwuliza upya. Mimi nilikuwa miongoni mwa wenye sauti kubwa. Nakumbuka maneno yangu: "Sema upesi tukalale." Hatimaye akasema ameiba. Alieleza hata duka alilokwenda na vitu alivyonunua. Tukaridhika, tukalala.

Siku nne baadaye fedha zilionekana ndani ya tranka ya mwenyewe, zimeteleza chini ya karatasi aliyoitandika. Hakuna aliyesema neno. Kengele ililia, tukaenda darasani.

Nilipoitazama sinema mara ya pili nilikuwa nimekwisha kuyajua yote hayo, na niliona jambo ambalo mara ya kwanza halikunipitia akilini. Kuna mahali mapema ambapo mkubwa wa kituo anamwonyesha Doo-man vijana wawili wamekaa. Mmoja amembaka msichana, na wa pili ni kaka yake msichana aliyemkamata na kumleta. Mkubwa anamwuliza, wewe mwenye macho, yupi ni yupi? Doo-man anawatazama, nasi tunawatazama. Sinema haitupi jibu kamwe. Mara ya kwanza niliipuuza sehemu hiyo. Mara ya pili niliona kwamba nilikuwa nimekwisha kumchagua mmoja, bila sababu yoyote ila uso wake. Karibu na mwisho, Doo-man anamshika yule kijana wa kiwandani, anamtazama machoni katika mvua, naye asema hajui. Hayo ndiyo maneno ya kweli kuliko yote aliyoyasema katika sinema nzima, na mimi pale sebuleni ndiyo yaliyonikasirisha.

Kwa hiyo nadhani nimewaelewa wahakiki. Mwendo wa polepole unamchosha mtazamaji kwa makusudi. Aliyechoka hutaka mwisho, na atakaye mwisho hatazami sana kama aliyekamatwa ndiye. Kijana wa kiwandani angepigwa risasi katika picha ile, mimi ningelala vizuri usiku ule. Ile hasira yangu ya kunyimwa jina la mwuaji ilikuwa ndugu wa lile neno langu la bwenini, "sema upesi."

Muhula huu ulipoanza nilimwendea yule mwenzetu. Nilimkuta akifua nyuma ya bweni. Nilimwomba radhi, nikamwuliza kwa nini alikiri jambo ambalo hakulifanya. Alikamua shati lake, akasema, "Nilikuwa na usingizi." Nilipomwambia kwamba nataka kuyaandika haya gazetini, alikubali, ila alinitaka nisiandike jina lake. Nimetimiza.

Wadogo zangu, kitu kikipotea bwenini mwambieni kiranja na mwalimu mlezi, kisha mngojee, hata kama kungojea kunachosha. Na mkipata nafasi ya kutazama sinema iendayo polepole, msiondoke baada ya saa moja. Kaeni mpaka mwisho, na mwisho usipokuja kama mlivyoutaka, jiulizeni mlimtaka nani akamatwe, na kwa ushahidi gani.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne